Maua ya Tonton Faustin

Juzi nilishuka ufukweni kuchukua gunia la samaki wa moshi lililoletwa na boti la mbao kutoka Yanonge. Kando ya ngazi, kwenye tope, vijana wa bandarini walikuwa wamelundika yale magugu ya mtoni yenye maua ya zambarau, yale yanayojisokota kwenye mapanga ya injini hadi inazima. Jua lilikuwa limeyapiga siku kadhaa na yalikuwa yakioza. Mama mmoja aliyebeba kuku kwapani alifunika pua akasema, "Mungu wangu, hii harufu!" Mimi nilisimama pale pale nikavuta pumzi hadi kifua kikajaa. Yule mama alinitazama kama mgonjwa. Sikumweleza. Ningemwambia nini? Kwamba kwangu hiyo ni harufu ya Tonton Faustin akishindwa, na kwamba tangu utoto wangu sijapata manukato yaliyoizidi?

Nililelewa na Koko Vero, bibi yangu mzaa baba, katika bonde la kijito upande wa Masako, pale mji wa Kisangani unapoanza kukatika na msitu kujaribu kurudi. Baba na mama walikuwa Bafwasende, kwenye mashimo ya dhahabu, na kila mwaka walisema watarudi. Koko alikuwa mtu wa mto, mzaliwa wa Yanonge, mwanamke mwembamba mwenye mikono mirefu, na alipoolewa na babu yangu Antoine hakukubali kuishi mbali na maji. Basi wakachimba mabwawa ya samaki, wao wawili, kwa majembe na kwa sufuria za kubebea udongo. Bwawa kubwa lilikuwa juu, karibu na barabara. Maji yake yalishuka kwa mfereji hadi bwawa dogo, lililokuwa nyuma ya jiko letu. Kutoka hayo mabwawa tulikula, tulivaa, na mimi, mtoto wa kike, nilisoma.

Babu alikufa ghafla, akirekebisha ukingo wa bwawa. Nyie wa rika langu mnajua matanga ya wakati ule yalivyokuwa kwa mjane. Koko alinyolewa nywele, akakalishwa chini kwenye sakafu bila mkeka, akakatazwa kusema mpaka wazee wamalize maneno yao. Baba hakuja; wadogo wa babu ndio waliokuja. Papa Gaston alitoka Bafwasende na kofia yake ya ngozi. Na Faustin, kitinda mimba wao, alikuwa akiishi mjini. Kwa haki ya ukoo na yeye alikuwa koko kwangu, yaani babu, lakini hakupenda kuzeeka. Alitaka watoto wote wamwite Tonton, mjomba kwa Kifaransa. Alinukia vizuri. Alipiga pasi hata soksi.

Ni yeye aliyesimama katikati ya uwanja akasema, "Bon. Ndeko yetu amekufa, vitu yake njo ya famille. Mwanamuke alikuja na mikono mitupu." Ndeko ni ndugu.

Wakachukua baiskeli, nyavu, redio, magodoro. Bwawa kubwa likawa la Faustin. Bwawa dogo hakuna aliyelitaka. Gaston alilitazama akasema linafaa kuoshea sufuria, basi mjane abaki nalo. Mwisho kabisa Faustin alimwita fundi, na fundi akaanza kufungua skrubu za mlango wa nyumba yetu, mlango wa mbao nyekundu ya msituni ambao babu aliupasua mwenyewe. Nilimkimbilia nikamshika shati.

"Tonton, mlango unaenda wapi?"

"Unaenda na benyewe," akasema, maana yake kwa wenye mali, akaiondoa mikono yangu kwenye shati lake kidole kimoja kimoja, ili nisiikunje pasi.

Nilimtazama Koko pale sakafuni. Kwa kuwa amekatazwa kusema, alinivuta karibu kwa mkono, akanigeuza kichwa changu kwa viganja vyake viwili, akakielekeza kule mlango unakopakiwa kwenye toleka, baiskeli ya kubebea abiria. Akakishikilia hivyo hivyo mpaka baiskeli ilipopotea njiani. Sijawahi kupewa fundisho jingine lililoniingia kama lile.

Tangu siku hiyo tulifunga kitenge mahali pa mlango. Mbuzi wa jirani waliingia walipopenda. Na huko juu, kando ya bwawa la babu yangu, Tonton Faustin akajenga kibanda cha makuti cha kunywea bia, akaweka viti vya plastiki na spika mbili, akawa anachomea wateja samaki wetu ndani ya majani, liboke iliyonukia hadi nyumbani kwetu wakati sisi tunakula pondu, majani ya mihogo, bila hata dagaa. Mke wake alikuwa Tantine Odette, msichana bado, mwenye pengo kwenye meno ya mbele. Huyo sikuweza kumchukia ingawa nilijaribu. Kila nilipopita kwenda shule alinitupia andazi huku akiangalia nyuma kama mume wake anaona.

Matanga yalipokwisha na Koko akavua nguo nyeusi, tulikwenda Yanonge kwa ndugu zake. Tuliporudi kwa mtumbwi, mto ulikuwa umebeba visiwa vya yale magugu, vikielea polepole, vikiwa vimechanua, kila ua na jicho la njano katikati kama manyoya ya tausi. Watu wa mto wanayaita Kongo ya sika, Kongo mpya. Koko akamwomba mpiga kasia asogee. Akainama, akachagua. Hakuvuta ovyo, aligeuza kila shina, akatazama mizizi yake myeusi yenye nywele nywele, akaangalia kama limetoa vikonyo vya pembeni, kama mtu achaguaye mbegu ya mihogo. Aliyapanga katika beseni lenye maji, akafunika kwa kitambaa.

"Iko ya nani, Koko?"

"Ya bokilo yangu," akasema. Bokilo ni shemeji. "Faustin anapenda vitu muzuri."

Nilikuwa katika mafundisho ya komunyo ya kwanza, na katekista alituambia kila Jumamosi kwamba asiyesamehe asije kupanga mstari. Nikaona wazi kwamba Koko amesamehe. Kongo mpya! Anampelekea maua! Mtumbwi mzima nililia kimyakimya, kwa hasira. Mimi sikuwa nimesamehe. Nilikuwa nikiomba kila siku mlango ule umwangukie Faustin kichwani, na sasa niliyemtegemea alikuwa ameniacha peke yangu na chuki yangu.

Jumapili tulipanda hadi kwenye kibanda, Koko na beseni kichwani, mimi nyuma nikiburuta miguu. Wateja walijaa. Faustin alipomwona alifungua mikono.

"Mama Vero! Nilijua tu. Wewe iko na roho ya Kikristo."

"Etang yako iko uchi, Faustin," Koko akasema, akielekeza kidevu kwenye bwawa, kwa sauti ya upole ambayo sikuijua. "Nimeiletea nguo."

Watu wakacheka. Faustin alicheka kuliko wote, akalipokea beseni, akayaingiza maua majini kwa mikono yake mwenyewe, moja moja, akirudi nyuma kuangalia kama yamekaa vizuri. Tantine Odette alipiga makofi. Wateja wakatoa simu wakapiga picha. Bibi yangu akapewa kiti na soda, akanywa yote taratibu, akashukuru. Mimi nilikataa ya kwangu. Nyumbani nilisusa chakula, na aliponiuliza nina nini nikamwambia, "Wewe ni mwoga."

Hakunipiga. Alisema tu, "Kula, utaona."

Wiki ile ile alianza kusuka uzio wa fito, mnene, wenye matundu yasiyopitisha hata kidole, akaukita mahali mfereji unapoingia katika bwawa letu dogo. Nilipouliza wa nini, akajibu kwamba kuna mgeni anaweza kushuka. Nikadhani anasema mamba, na kwa muda mrefu sikuthubutu kutia mguu majini. Kila asubuhi alipiga magoti kwenye uzio, akachambua vijani vilivyonasa, vidogo kama ukucha, akavitia kwenye mfuko. Hakuviacha ukingoni. Alivipeleka mbali, kwenye bati kuukuu lililokuwa juu ya banda la kuku, akavianika vichwa chini mizizi juu mpaka vinakauka vinalia mikononi. Nilidhani ni dawa anatengeneza.

Kule juu bwawa lilivaa nguo. Mwanzoni lilikuwa na pindo la maua kandokando, na Faustin aliwaambia wateja kwamba hata hoteli za Kinshasa hazina bwawa kama lake. Kisha pindo likawa shuka. Kila mmea ulinyoosha mkono majini na penye kiganja ukazaliwa mmea mwingine, na huo nao ukanyoosha mkono. Mvua mbili tatu na hukuona maji tena. Uliona uwanja wa kijani ambao kuku aliweza karibu kuuvuka. Chini ya blanketi lile maji yalikosa hewa. Asubuhi moja, nikienda shule, nilikuta samaki wamejikusanya kwenye tundu moja dogo lililobaki wazi, vinywa vimetokeza, wakifungua na kufunga, wakifungua na kufunga. Niliporudi mchana walikuwa wamegeuza matumbo. Faustin alikuwa akiwaokota kwa beseni lile lile alilopewa na Koko. Suruali yake ilikuwa na tope hadi magotini.

Nilikimbia nyumbani. "Koko, maua yako yamegeuka mabaya!"

Alikuwa kwenye kigoda akila ndizi ya kuchoma, uso umeelekea juu, barabarani.

"Hapana," akasema. "Yamefanya kazi."

Ndipo nilipoelewa, na nitasema nilivyohisi bila kupunguza: nilifurahi kuliko siku yoyote. Nilimkumbatia magoti nikacheka kitengeni mwake. Sikwenda kwa padri kuungama wala sijakwenda mpaka leo.

Faustin alipigana. Aliita vijana, wakaingia na mapanga wakayakatakata yale magugu kama mtu anayekata majani ya ng'ombe. Kila kipande kilichobaki na kichipukizi kikawa mmea. Waliyoyatoa waliyarundika ukingoni, hatua moja kutoka majini, kwa sababu yana maji mengi na ni mazito kubeba. Mvua ikanyesha, yakateleza yakarudi nyumbani. Mbu walizaliana. Wateja walijipiga makofi mashavuni, wakalipa bia moja, wakaenda. Spika zikanyamaza. Sisi huku chini tulikuwa tukivua samaki wadogo wanene, na uzio wetu ulikuwa umejaa kila asubuhi, na kila asubuhi ulisafishwa.

Kitu kimoja kiliniharibia raha. Vijana walipokosa kulipwa, aliyeingia majini alikuwa Tantine Odette. Nilimwona na mtoto mgongoni, mtoto ana homa, yeye anavuta, mikono imechubuka na kuvimba. Siku hiyo hakuwa na andazi la kunitupia. Aliniangalia tu, na nikajua anajua. Nilimwambia Koko. Koko akanipa nusu ya samaki tuliovua nimpelekee, "kwa mulango ya nyuma, Faustin asione."

Hatimaye Faustin mwenyewe alishuka. Alikuja na mkokoteni, na juu ya mkokoteni kulikuwa na mlango wetu. Alikuja na fundi yule yule. Koko alikaa akatazama skrubu zote zikirudi mahali pake ndipo akasema, "Karibu."

Faustin akatafuta kiti kwa macho.

"Chini," akasema Koko.

"Mama Vero, miye niko mwanaume, mbele ya mutoto..."

"Nilikaa chini mbele ya huyu mutoto. Kaa."

Alikaa. Aliikunja kwanza suruali yake, akaikunjua, akaona haisaidii, akakaa kwenye udongo. Alizungumza akiangalia mikono yake. "Banasema wewe uko mutu wa mto. Unajua hii majani. Alors, nifundishe kuitoa."

Koko alimfundisha vizuri, kwa utaratibu, kama mwalimu. Usikate, vuta mmea mzima na mizizi yake. Usiache ukingoni, peleka mlimani penye jua. Mizizi itazame juu. Anza upande upepo unakosukumia, maliza upande mmoja kabla ya kwenda mwingine. Faustin alirudia kila neno, akashukuru, akajipangusa makalio, akaondoka. Na kweli, kiangazi kilipoingia, yeye na Odette na vijana wa mkopo walilitoa gugu lote. Maji yakaonekana. Akanunua vifaranga wa samaki, akawasha spika, akapaka kibanda rangi ya bluu. Niliumia sana. Nilimuuliza Koko kwa nini amemponya.

Mvua za kwanza zilipochanganya tope la bwawa lile, asubuhi moja uso wa maji ulikuwa umenyunyiziwa kitu kama chai ya majani: mimea midogo isiyohesabika, imeota kutoka chini.

"Ile maua ilichanua mara ngapi?" Koko aliniambia. "Kila ua inaangusha mbegu. Mbegu inazama, inalala ndani ya matope miaka na miaka. Aliniuliza namna ya kung'oa. Hakuniuliza mbegu."

Faustin alifukuzana na mbegu zile misimu mingi. Kila kiangazi alisafisha, kila masika zikaamka. Aliacha kupiga pasi. Nilikua, nikaingia sekondari, nikimwona anapungua, na sikumwonea huruma hata kidogo. Alipokufa kwa presha, bwawa lilikuwa pori tupu.

Sasa alikuwa Odette aliyekaa sakafuni, kichwa kimenyolewa. Kabla mashemeji zake hawajafika kutoka Bafwasende, Koko alipanda kule juu na mimi nikiwa nyuma yake, akainama sikioni kwa Odette. Nilisikia. "Usiguse hata jani moja ya etang. Mpaka baende."

Papa Gaston alikuja na kofia ile ile ya ngozi, sasa imepasuka. Akachukua viti, spika, sufuria, godoro. Akaenda kusimama ukingoni mwa bwawa pamoja na chefu wa mtaa na watu wa matanga. Alitupa jiwe, jiwe halikuzama, lilikaa juu ya majani.

"Hii haiko etang," akasema. "Iko pori. Mwanamuke abaki nayo."

"Papa Gaston," Koko akaita kutoka nyuma ya watu, akiegemea bega langu, "masikio yangu yamezeeka. Sema tena, chefu pia asikie."

Gaston akacheka, akapaza sauti. "Nasema iko pori! Abaki nayo! Hatuitake!"

"Merci," akasema Koko.

Gari lao lilipoondoka tuliingia majini sisi watatu. Safari hii Koko hakuficha kitu. Tuling'oa, tukabeba, tukaanika. Tukafungua ukingo, tukayaacha maji yaishe, tukakwangua tope lote la chini, lile jeusi lenye mbegu, tukalipandisha kwa sufuria hadi kwenye migomba na kulifukia kwenye mashimo marefu. Tukatia maji mapya na uzio wa fito juu na chini. Kisha ikawa kazi ya kila asubuhi: kupita ukingoni na kutoa kila kijani kinachochungulia kabla hakijajua kutoa ua. Odette alijifunza haraka. Mwaka wa kwanza vilikuwa vingi, wa pili vichache. Wa tatu nilizunguka bwawa zima nikarudi mkono mtupu.

Habari za samaki hutembea. Gaston alirudi siku tunavua, akasimama na kofia yake akitazama migongo ya samaki inayochemsha maji.

"Mais, hii ni etang ya ndeko yetu," akasema. "Maneno ya famille bado haijaisha."

Koko alitaka kujibu. Odette akamtangulia. Alikuwa majini hadi kiunoni, hakutoka, wala hakushusha macho.

"Ya ndeko yako ilikuwa pori. Ulisema wewe mwenyewe, mara mbili, mbele ya chefu. Nenda umuulize. Ukimaliza kumuuliza, usipite hapa, pitia njia ya kule juu."

Majirani walikuwa wameshafika, wamesimama na mabeseni ya kununulia samaki, na waliosikia siku ile walikuwa wengi. Mmoja akaanza kucheka, akamwambukiza mwenzake. Gaston aliangalia uso mmoja baada ya mwingine, akatafuta wa kumsaidia, akakosa. Alipanda mlima akitukana kwa Kifaransa.

Alipotoweka, Odette aliiachia kamba ya wavu. Machozi yakamtoka, akawa kama anataka kukaa pale pale ndani ya maji. Nilimsogelea nimshike. Koko, mzee wa mifupa mitupu wakati ule, alinizuia kwa kiwiko. Akachukua kamba ya wavu iliyokuwa ikielea, akaiweka mkononi mwa Odette, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Utalia baadaye," akamwambia. "Vuta, samaki inakimbia."

Tukavuta, wanawake watatu, na wavu ulikuwa mzito.